Nimestaafu kuruka, sasa nafundisha, na mwanafunzi wangu amegoma jukwaani

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 25. Wazazi wangu ni watu wa Mombasa, nami nimekulia kaskazini mwa Uingereza. Nimeshindana miaka tisa katika mchezo wa kupiga mbizi, jukwaa la mita 10, mpaka bega na kifundo cha mkono wa kushoto vikakataa kazi. Mwaka jana nikastaafu. Klabu moja ikanipa kundi la watoto wanane wa miaka 9 hadi 13. Nafundisha saa 14 kwa wiki, na mchana nauza dukani, maana pesa ya ukocha haifiki mwisho wa mwezi.

Shida ya kwanza, sijui kueleza. Mtoto akikosea naliona kosa, lakini kinachonitoka mdomoni ni "jikaze" au "zunguka haraka". Naishia kupanda mwenyewe kumwonyesha, na usiku bega linanikesha. Kocha mkuu nikimuuliza ananijibu kwamba mtu aliyefika nilikofika mimi hana haja ya kufundishwa kufundisha.

Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Nina msichana wa miaka 12, kipaji cha kweli. Alikuwa anapiga mruko uitwao 403C kutoka jukwaa la mita 5 bila wasiwasi. Mwezi uliopita alifungua mwili mapema, akaangukia kifua na uso. Tangu siku hiyo anapanda, anageuka, anaweka visigino nje ya ukingo, mikono inainuka, halafu anashuka kwa ngazi. Juzi akaniambia, "Sijui niko wapi nikiwa hewani." Baba yake anataka ahamie mita 10 kabla ya mashindano ya kiangazi, na kila jioni ananitajia Quan Hongchan, yule bingwa mdogo wa China. Nimsukume, nimrudishe chini, au kazi hii niwaachie wanaoiweza?

Mrukaji Mstaafu

JIBU

Marahaba, binti. Nianze na huyo mtoto. Mengine yanaweza kungoja.

Kwa wasiojua lugha ya mchezo huu: katika 403C, tarakimu 4 ni kundi la miruko ya kugeukia ndani. Mrukaji husimama ukingoni akiyapa maji mgongo, anaruka kurudi nyuma lakini anazunguka kuelekea jukwaa. Sifuri hapa iache. Samasoti ni mzunguko mzima wa mwili hewani. Tatu ni idadi ya nusu samasoti, yaani samasoti moja na nusu. C ni kujikunja kama mpira. B ni kujikunja kiunoni miguu ikiwa imenyooka, kama kisu cha mfukoni. A ni mwili mnyoofu.

Kabla hujafikiria mazoezi, rudi kwenye siku ile aliyoanguka. Mtu anayeanguka kutoka mita 5 hukutana na maji kwa mwendo wa kilomita 36 hivi kwa saa, na yeye alikutana nayo kwa uso. Je, aliumwa kichwa, alisikia kichefuchefu, alichukia mwanga, alikuwa mzito wa kujibu, alilala vibaya? Muulize yeye, kisha umuulize mama yake kando. Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, na hakuna daktari aliyemwona, mazoezi yasimame mpaka aonwe. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unataka anayeshukiwa kutikisika ubongo atolewe papo hapo, ushauri wa kitabibu utafutwe kwa namba 111, simu ya ushauri wa afya, ndani ya saa 24, na asirudi mashindanoni kabla ya siku 21 kupita. Kuna wazazi watakaokukumbusha Greg Louganis, mrukaji wa Marekani aliyegonga kichwa kwenye ubao wa mita 3 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akashonwa, akarudi kuruka na kutwaa dhahabu. Ni kweli alifanya hivyo. Kwa mtoto wa miaka 12 huo si mfano wa kuigwa.

Akiwa mzima, basi sikiliza maneno yake mwenyewe. Mtoto anayeogopa husema "naogopa" na anajua afanye nini. Mtoto aliyepotea husema "sijui niko wapi". Dawa zake hazifanani. Mwoga unaweza kusimama naye ukingoni, mkahesabu moja hadi tatu, akaenda. Aliyepotea ukimhesabia hivyo unamtupa gizani. Ndilo jambo lililomfanya Simone Biles, mwanasarakasi wa Marekani, ajitoe katika mashindano kadhaa ya sarakasi kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na yeye alikuwa na zulia chini, si maji kutoka ghorofa ya pili. Kwa hiyo wiki hii hapandi mita 5 kwa mruko huo. Apande kwa miruko mingine anayoimudu, ili ngazi yenyewe isigeuke kuwa adui.

Halafu jiulize kwa nini alifungua mapema. Nakisia mambo mawili, na yote unaweza kuyahakikisha leo jioni.

La kwanza ni macho. Watoto wengi hufumba macho wakishajikunja, kisha hufungua mwili kwa kuhesabu muda. Kutoka mita 3 hesabu hiyo inakubali. Ukibadilisha urefu inavurugika. Katika 403C picha zinazopita mbele ya macho ni ukingo wa jukwaa, maji, dari, ukingo tena, maji tena. Miguu inaanza kunyooka ukingo wa pili unapopita, na mikono inakwenda kwenye maji ya pili. Mwambie akueleze mruko wake kwa picha hizo tano akiwa amekaa kwenye benchi. Akishindwa kuzitaja, basi hajawahi kuziona, na umepata jibu. Hakikisha pia kinyunyizio cha uso wa maji kinafanya kazi. Maji yaliyotulia kama kioo hayaonekani kutoka juu, na hata mrukaji mkubwa hukosea umbali. Kikiharibika, mnara ufungwe jioni hiyo.

La pili ni kuondoka jukwaani. Kosa linaonekana kwenye maji, lakini mara nyingi limezaliwa ukingoni. Katika miruko ya kugeukia ndani mtoto anayeogopa kugonga jukwaa huegemea nyuma kabla miguu haijasukuma. Anakwenda mbali, hapati urefu, mzunguko unakuwa dhaifu. Akifungua mahali palepale alipozoea, hajatimiza samasoti. Kinyume chake ni yule anayetupa kichwa chini mapema: nyonga hazijapanda, anazunguka karibu mno na ukingo, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Unachotaka kuona ukiwa umesimama ubavuni ni uzito juu ya vidole, visigino vimetulia, mikono inafika juu kabisa kwanza, nyonga zinapanda kwenda juu na nyuma, ndipo mikono itupwe chini. Mikono ikitupwa kabla miguu haijanyooka, nguvu ya jukwaa imepotea. Jukwaa halina mrusho kama ubao; halimrudishii mtu asichokipa.

Ngazi ya kumrudisha naipendekeza hivi. Aanzie nchi kavu, trampolini yenye mkanda wa kamba na kapi, samasoti ya mbele ya mpira, mwanzoni afungue kwa sauti yako, baadaye kwa macho yake. Kamba ishikwe na mtu aliyefundishwa kuishika; kwa bega hilo lako, usiwe wewe. Kisha jukwaa la mita 1: kwanza kuruka nyuma wima akitua kwa miguu, mara kumi, ili mwili ukumbuke kwamba unaweza kuondoka ukingoni bila kugonga. Halafu 401C, halafu 402C, ambayo ni samasoti nzima ya kutua kwa miguu. Hiyo 402C makocha wengi huiruka, na ndiyo inayomrudishia mtoto picha ya mzunguko kamili bila kichwa kutangulia. Mita 3: 401B mpaka imchoshe, ndipo 403C. Mita 5: 401B siku nzima bila kutaja 403C. Kila daraja, apate mitano mizuri kati ya sita katika siku mbili tofauti ndipo apande. Siku mbili, kwa sababu siku moja ya bahati huwadanganya wote, yeye na wewe. Wiki tatu ni haraka, wiki nane si aibu.

Mnayo mashine ya mapovu? Itumie siku ya kwanza anaporudia 403C kutoka mita 5, mara mbili tatu, kisha izime. Mapovu hulainisha maji, lakini humzoesha mtoto kuingia vibaya bila kulipa.

Neno moja kuhusu sauti yako, maana sasa wewe ndiye unayepiga kelele ya "toka!" chini ya mnara, ile ya kumwambia mrukaji afungue mwili. Mtu akisikia sauti, hupita takriban sekunde 0.2 kabla misuli haijajibu. Mrukaji anayezunguka mara mbili kwa sekunde atakuwa amepita karibu nusu samasoti katika muda huo. Ukiita unapoona ni wakati wake, umechelewa. Ita kabla. Hili halijifunzwi mnarani: fanya mazoezi trampolini, kisha mita 1 na mita 3, na mwombe kila mtoto akwambie kama sauti ilimfikia mapema, sawa, au kwa kuchelewa. Wao wanajua. Na wakati wa kuita usiwe na kingine mdomoni wala mkononi, hata simu.

Sasa baba. Kwake usiende na hisia, nenda na kanuni. Katika mashindano ya kimataifa ya vijana, wa miaka 12 na 13 ni kundi C, na miruko yao ya jukwaa hufanywa mita 5 na mita 7.5 tu. Mita 10 inafunguliwa kundi B, miaka 14 na 15, na umri unahesabiwa utakaotimia Desemba 31 ya mwaka huo. Quan Hongchan anayemtaja alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 14, kwa pointi 466.20, na miruko yake miwili kati ya mitano ilipewa kumi na waamuzi wote saba. Kabla yake Fu Mingxia, naye wa China, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1991 akiwa na miaka 12, na baada ya hapo ndipo mlango ukafungwa kwa walio chini ya miaka 14 katika mashindano makubwa ya dunia. Mwongezee hili: aliyemfundisha Quan kuelekea Paris 2024 ni Chen Ruolin, bingwa wa jukwaa wa mwaka 2008 na 2012 aliyekwenda kwenye ukocha baada ya kustaafu. Nyuma ya mtoto huyo kuna taifa zima la makocha, madaktari na mashimo ya sponji. Wewe una jioni nne.

Kisha mpe hesabu. Kuanguka mita 5 huchukua sekunde 1.01 na mwisho wake ni kilomita 36 kwa saa. Mita 7.5 ni kilomita 44. Mita 10 ni sekunde 1.43 na kilomita 50, na nishati ambayo mwili unaingia nayo majini ni maradufu ya ile ya mita 5. Zile sekunde 0.4 za ziada ni nafasi ya takriban samasoti moja zaidi kwa mrukaji mwenye kasi. Ndiyo maana njia ya kawaida ni samasoti mbili na nusu kutoka mita 5 kwanza, ndipo tatu na nusu kutoka mita 10. Mtoto anayepelekwa juu na mruko uleule wa chini humaliza mapema, halafu ana muda mwingi wa kuning'inia, miguu inapita kichwa, anaingia amepinda mgongo. Hapo ndipo kiuno kinaweza kuharibika.

Ukitaka kumpa kitu cha kufanya badala ya "hapana", mpe kazi ya kuingia majini. Hii ndiyo iliyokuharibu wewe bega, kwa hiyo ifundishe kwa makini kuliko ulivyofundishwa. Viganja vimelala tambarare kuyatazama maji, mkono mmoja umeshika mwingine, vidole gumba vimefungwa, vifundo vimepinda nyuma. Viwiko vimefungwa kabisa. Mabega yamepanda mpaka mikono imebana nyuma ya masikio. Macho yanatafuta mikono, kidevu hakiinuki. Mbavu ndani, makalio yamekaza. Vidole vikishagusa maji, mikono inaachana na kufagia pembeni, ili mwili uingie katika tundu lililoachwa badala ya kusukuma maji nje. Viganja visipokuwa tambarare, maji yatapiga utosi, na mtoto atakwenda nyumbani na kichwa kinachouma. Kiwiko kikilegea, mikono itampiga kichwani. Kidevu kikiinuka, kiuno kinapinda. Bega lisipopanda, mzigo wote unashikwa na kano ndogo za bega lililo wazi, na sina haja ya kukueleza inaishia wapi.

Mazoezi yake ni ya kuchosha na ndiyo yenye faida: kuangukia mbele na nyuma kutoka mita 1 na mita 3, ishirini kwa kipindi, na nane hadi kumi kutoka mita 5. Kwa umri wake ningeweka siku mbili za mnara kwa wiki zisizofuatana, na siku hizo zifuatiwe na nchi kavu. Akiumwa kifundo cha mkono siku mbili mfululizo, anaingia kwa miguu mpaka kipoe. Bendeji inasaidia, haiponyi.

Ndipo tunafika kwenye kueleza. Ulikuwa mrukaji mzuri kwa sababu mwili wako uliacha kufikiri. Sasa unajaribu kuwapa watoto hisia, na hisia haihamishiki. "Jikaze" haina mahali mwilini. "Bana mikono nyuma ya masikio" ina mahali. Chukua picha za video za kasi ndogo (omba kwanza ruhusa ya klabu na ya wazazi, kupiga picha watoto bwawani bila ruhusa kutakupotezea kazi), na simamisha mahali patatu tu: mguso wa mwisho wa mguu ukingoni, mpira ulipofungwa, mwili ulipofunguka. Andika kwa kila picha kiungo kiko wapi, bila sifa wala lawama. Baada ya wiki mbili utashangaa msamiati uliokujia. Mtoto akitoka majini muulize kwanza yeye amesikia nini mwilini, kisha mpe sahihisho moja. Si matatu. Ngazi za mita 5 haziruhusu kichwa kubeba matatu mpaka juu.

Na acha kupanda kuonyesha. Mtoto hatazami kiwiko chako. Anatazama uzuri wa mruko, anapiga makofi, hajajifunza. Onyesha nchi kavu kwa mkono mmoja.

Kuhusu kocha wako mkuu, hapo amekosea. Uingereza mchezo huu uko chini ya Swim England, na kuna cheti cha kocha msaidizi, anayefanya kazi chini ya usimamizi, na cheti cha kocha anayeongoza kundi mwenyewe. Kama huna hicho cha pili, hupaswi kuwa peke yako na watoto wanane chini ya mnara, hata ungekuwa na medali gani, kwa sababu siku ya ajali bima itauliza karatasi. Mwandikie, kwa barua pepe si kwa mdomo, uombe klabu ikulipie kozi, na uombe jioni moja kwa wiki ya kumsaidia kocha mzoefu, hata wa klabu jirani. Uliza pia saa zako zinahesabiwaje: kupanga mazoezi, mikutano na wazazi, safari za mashindano za Jumamosi na Jumapili. Mara nyingi saa 14 za mkataba ni 20 za kweli. Jiandikishe pia mafunzo ya kuwa mwamuzi wa mashindano. Anayelazimika kutoa alama ndani ya sekunde chache hujifunza kuona haraka.

Duka usiliache bado. Sammy Lee wa Marekani alitwaa dhahabu ya jukwaa mwaka 1948 na 1952, akaja kumfundisha Bob Webster aliyeshinda 1960 na 1964, kisha Louganis mdogo aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 16. Katika muda huo wote mkate wake ulitoka kwenye udaktari wa masikio, pua na koo. Ukocha wa mchezo huu umekuwa kazi ya pili kwa wengi walioufanya vizuri.

Jumatatu, kabla ya kuingia bwawani, kaa na huyo binti kwenye benchi na umwombe zile picha tano. Baba yake umwalike asikilize.